Fungu la Bei Gani

Wazazi wake walimpa jina zuri tu, lakini sokoni hakuna aliyelijua. Huko kila mtu alimwita Bei Gani. Ndilo neno lililomtoka kinywani kuliko mengine yote, na ndilo lililomlisha, maana alikuwa mkusanyaji bei wa Idara ya Takwimu. Kila mwezi alipita kwenye meza zile zile, akauliza bei za vitu vile vile, akazibonyeza kwenye kishikwambi chake. Makao makuu walizichanganya na za masoko mengine, wakapika mfumuko wa bei, ile namba inayosomwa redioni kwa sauti nzito kabla ya habari za michezo.

Kazi hiyo ukiisikia hivi utadhani inachosha, na kwa mtu mwingine labda inachosha kweli. Bei Gani aliipenda hadi siku za mapumziko zikawa zinamkera. Alikuwa mtu wa domo na utani, asiyeweza kupita mbele ya binadamu bila kumsalimia, na salamu yake haikuwa ya juu juu. Alikumbuka mtoto wa nani alikuwa akikohoa, kesi ya kiwanja cha nani imeahirishwa, mguu wa nani umeanza tena kuuma. Muuza mayai, mzee aliyekula chumvi nyingi, alimwita mwanangu. Wauza vitambaa walimwita shemeji, ingawa hakuna aliyewahi kueleza ushemeji huo ulipitia wapi. Na Mama Nyanya, mwanamke wa sauti kubwa aliyeuza nyanya pale mlangoni, alimwita mchumba mbele ya watu wote, akiwemo mke wake wa ndoa.

Nyanya pale sokoni haziuzwi kwa kilo, zinauzwa kwa mafungu. Fungu lina ujanja wake: bei inaweza kukaa mwaka mzima bila kutikisika huku fungu lenyewe likikonda. Ndiyo maana Bei Gani alitembea na mizani ndogo mfukoni. Alikuwa anaomba fungu, analipima, anaandika, anashukuru, analirudisha mezani. Alijiwekea pia sheria moja ambayo ofisi haikumwomba: katika soko lake hanunui wala hapokei kitu. Ukimpa chungwa, anakurudishia pamoja na utani wa kukuvunja mbavu ili usinune. Manunuzi yote ya nyumbani alimwachia mke wake. Aliitazama mikono yake misafi na kuionea fahari, na tusimlaumu, kwa sababu kweli ilikuwa misafi.

Mke wake alikuwa fundi cherehani, na sebule yao ndiyo ilikuwa karakana yake. Hapo ndipo ugomvi ulipoanzia. Kila alipotaka kupandisha bei ya kushona gauni, mteja alimkatiza: "Lakini redio imesema bei hazijapanda." Mke alikuwa akimaliza kumsindikiza mteja huyo kwa tabasamu la biashara, kisha anamgeukia mumewe bila tabasamu lolote.

"Baba watoto, hizi bei zenu mnazitoa soko gani? Nataka na mimi nikanunue huko."

"Soko lile lile unalokwenda wewe."

"Basi labda unaingilia mlango mwingine."

Hapo Bei Gani alivaa sura ya kitaalamu, akaanza kueleza habari za wastani, na kapu la bidhaa, na jinsi mama wa nyumbani anavyokumbuka kilichopanda akasahau kilichoshuka. Mke wake alimsikiliza kidogo, kisha akakanyaga cherehani kwa nguvu mpaka maelezo yakazama.

Kelele hizo hazikuwa za nyumba moja. Mjini kote watu walizicheka takwimu. Kwenye simu walitumiana vichekesho, na mchekeshaji mmoja alijipatia umaarufu kwa kuigiza tu ile sauti nzito ya redioni. Ofisini nako walimcheka Bei Gani, ila kwa jambo jingine. Mwenzake wa soko la pili aliitwa Mnuno. Mtu huyo hakumsalimia hata mlinzi wa getini, na namba zake kila mwezi zilikuwa juu kuliko za Bei Gani. "Wanamwonea kwa sababu ya ile sura," Bei Gani alisema, na ofisi nzima ikacheka, isipokuwa Mnuno.

Mwishowe Idara iliamua kuwasikiliza wananchi. Ukumbi wa shule ukaombwa, viti vikapangwa, kipaza sauti kikafungwa. Asubuhi ya siku hiyo mke wa Bei Gani alimpigia pasi shati jeupe, akamfunga kifungo cha shingo mwenyewe, akamwambia amependeza. Bei Gani alikwenda akaketi mstari wa mbele pamoja na wafanyakazi wenzake. Mkuu wa kitengo, mwanamke mwenye miwani na upole wa kutisha, alisimama akasema, "Leo hatukuja kusema. Tumekuja kusikiliza."

Wa kwanza kukinyakua kipaza sauti alikuwa Mama Nyanya, ambaye kwa kweli hakukihitaji.

"Hizi takwimu zenu ni za uongo!" alinguruma. "Mnakaa huko kwenye viyoyozi mnajitungia. Mnasema nyanya hazijapanda! Nyanya zipi? Mimi ndiye muuzaji, sizijui hizo nyanya! Fungu limebaki vinyanya vitano vinavyobingirika kama gololi, nyie mnatwambia hali ni shwari. Nani kawaambia?"

Ukumbi ulipiga makofi mpaka vumbi likatimka. Mkuu alitikisa kichwa kwa upole, akaomba mchoro uonyeshwe ukutani. Mstari wa nyanya ulipanda katika kila soko la mji, isipokuwa moja. Katika soko la Mama Nyanya mstari ulilala chali tangu mwaka juzi. Bei Gani aliutazama, na shati lake jeupe likaanza kumnata mgongoni.

Ndipo mkono ukanyooshwa katikati ya ukumbi, na aliyesimama alikuwa mke wake.

"Shikamooni wakubwa zangu," alisema. "Mimi ni fundi cherehani. Mimi sisemi takwimu ni za uongo. Anayezikusanya sokoni kwetu namjua, hadanganyi. Nikimuuliza kama nimenenepa ananijibu ukweli, na ninamnunia wiki nzima. Ila naomba nimuulize Mama Nyanya swali moja tu. Mchumba wako akija na mizani yake, fungu unalompa ni hili hili unaloniuzia mimi?"

Kicheko kilipasuka. Mama Nyanya alishika kiuno.

"Weee! Fungu hilo hilo nimpe yeye? Yule ni mtu wetu, jamani! Mwanangu alipolazwa, nani alikuja kutuona? Nitampimishaje vinyanya vya aibu? Namtengenezea fungu la heshima!"

"Hata mimi," muuza mayai alidakia akiwa ameketi. "Mtu ananiuliza hali ya mguu wangu kila mwezi. Nimwambie bei ya kumuumiza roho? Namtajia ile ya zamani."

"Na sisi shemeji yetu tunampunguzia kwenye kila mita," alisema mmoja wa wauza vitambaa, kwa majivuno kabisa.

Kicheko kiliendelea, kisha kikapungua, kisha kikafa, maana mmoja mmoja walianza kuelewa. Wa mwisho kuelewa alikuwa Mama Nyanya. Aliutazama mstari uliolala ukutani, akaitazama mikono yake, akasogeza mdomo kwenye kipaza sauti na kwa mara ya kwanza akanong'ona.

"Kwa hiyo ile ya redioni... ni mimi?"

Mkutano ulipokwisha, Mkuu alimwita Bei Gani pembeni. Hakumfokea. Laiti angemfokea. Alimwambia kwamba hana shaka na uaminifu wake, ila namba za soko lile hazifai tena. Mzunguko ujao atakwenda kama kawaida, na siku hiyo hiyo mtu asiyejulikana atapita nyuma yake akijifanya mnunuzi. Namba zao zikipishana sana, Bei Gani ataondolewa masokoni na kuwekwa chumba cha kuingiza takwimu, kubonyeza namba zilizokusanywa na wengine.

Chumba hicho Bei Gani alikijua. Hakikuwa na dirisha, na waliokaa mle walivaa vitu masikioni wasisemezane.

Aliporudi nyumbani hakugusa chakula.

"Asubuhi umenipigia pasi shati," alimwambia mkewe, "jioni umenivua nguo mbele ya mji mzima."

"Nimekwambia humu ndani mara ngapi, ukanipa habari za wastani? Kule angalau walikuwa na kipaza sauti."

Mke wake aliinuka, akachukua gauni la bluu lililokuwa juu ya cherehani, akamwekea mapajani. Lilikuwa la nesi mstaafu wa nyumba ya pili, mama mmoja aliyewahudumia watoto wao wote wawili walipozaliwa.

"Hili nimeshaligeuza mara moja," alisema. "Upande wa ndani nimeuleta nje, sasa anataka niurudishe wa nje. Pensheni yake inaongezwa kwa kufuata namba yenu. Namba ikilala, na yeye analala nayo. Sikusimama pale ili nikuaibishe, mume wangu. Niliona aibu kuendelea kumgeuzia gauni huku najua kwa nini."

Bei Gani alilishika gauni lile kwa muda mrefu. Kilichomuuma si kicheko cha ukumbini. Kilimuuma kwamba miaka yote aliyorudisha machungwa ya watu alikuwa akipokea rushwa kubwa kuliko machungwa, akaipima kwa mizani yake mwenyewe, akaipeleka redioni. Alilia kidogo, na mke wake akajitia hamnazo akitafuta sindano ambayo haikupotea.

Siku ya mzunguko ilipofika, Bei Gani aliamka na mpango. Kama tatizo ni kupendwa, basi leo hapendwi. Alijitazama kwenye kioo akajaribu uso wa Mnuno, na ulipomkaa sawasawa akatoka nao.

Aliingia sokoni bila salamu. Hakuuliza mguu wala kikohozi. "Bei gani?" alisema kwa ukali mbele ya kila meza, macho kwenye kishikwambi. Alitegemea wachukie. Badala yake soko zima lilishikwa na huruma. Mmoja aliuliza kama amefiwa. Mwingine alimvutia kiti. Wauza vitambaa walinong'ona kwamba shemeji ametimuliwa nyumbani baada ya yale ya ukumbini, na kama hana pa kulala kuna chumba cha uani. Kadiri alivyokunja uso ndivyo walivyozidi kumpenda, na misuli ya mashavu ikaanza kumuuma kwa kazi isiyoizoea.

"Mama Nyanya," alisema, "nataka fungu la kawaida. La kila mtu. Nakuomba, usinitengenezee."

"Sikutengenezei kabisa, mchumba. Tumeshajifunza." Mama Nyanya aliinama chini ya meza, akaibuka na nyanya tatu. Moja ilikuwa na tundu, nyingine imeshaanza kutoa maji. Akataja bei mara mbili ya ile iliyojulikana mji mzima.

Bei Gani aliziangalia, akamwangalia na yeye.

"Hili ndilo fungu unalouza leo?"

"Ndilo."

"Amenunua nani?"

Mama Nyanya aligeuka kulia, akageuka kushoto, kisha akainamisha sauti yake kubwa. "Usiulize sana. Tumekaa kikao jana. Tumesikia wanataka kukutupa kwenye chumba kisicho na dirisha. Sasa kila mtu kakupandishia, ili ukawaonyeshe wakubwa zako kwamba hata wewe unajua kukamata bei kali. Nenda kwa babu wa mayai, utafurahi mwenyewe."

Kwa babu wa mayai yai moja lilikuwa limefikia bei ya kuku. Mzee aliitaja bila kupepesa, kisha akamkonyeza. Bei Gani aliibonyeza namba ile ili aone tu, na kishikwambi kikawaka rangi nyekundu kikamuuliza: Je, una uhakika?

Alisimama katikati ya soko lake, mizani mkono mmoja, kishikwambi mkono mwingine. Watu wote wale walimtazama kwa macho ya ndugu, wakisubiri ashukuru. Aliwapenda, na hapo akajua kwamba hata akiwaapisha mmoja mmoja, hakuna hata mmoja atakayeweza kumtajia bei kama mtu baki. Alifuta namba ya mayai. Alifuta na ya nyanya. Kisha akaurudisha uso wake mwenyewe, akawasalimia wote upya, akamuuliza mzee hali ya mguu, akaondoka bila bei hata moja.

Alikwenda moja kwa moja kwa Mkuu.

"Yule mnunuzi wako hata asiharakishe," alisema. "Sina namba. Soko lile nitoe, mpe Mnuno."

"Unajua nilichokwambia kuhusu kile chumba."

"Najua. Nikistahili kile chumba, nitakaa. Lakini pale mimi siwezi tena kusikia bei. Nasikia mambo mengine."

Mkuu alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Safari hii upole wake haukutisha. "Soko la Mnuno litakuwa wazi," alisema. "Utakwenda wewe. Ila nakuonya: mtoto akikohoa, hukusikia. Ukianza kuwachekesha, tutarudi hapa hapa."

Ilikuwa adhabu, japo haikuandikwa popote. Katika soko la pili muuza nyanya wa kwanza alimtajia bei bila kuinua kichwa, akamsogezea fungu la vinyanya vitano vya kubingirika. Bei Gani alivipima. Namba ilikuwa safi, imenyooka, ya kweli kabisa. Mgongoni mwa mwanamke yule kulikuwa na mtoto mchanga mwenye mashavu ya kuchokoza, na swali likamjia Bei Gani mpaka kwenye meno. Aliuma ulimi. Alisema asante, akahamia meza ya pili, akauma ulimi tena. Alimaliza soko zima kabla ya saa sita, kazi ambayo kule kwake ilimchukua mpaka alasiri, akarudi ofisini na upweke usio kifani.

Mwezi uliofuata sauti nzito ya redioni ilisoma namba kubwa kuliko zilizopita. Nesi mstaafu alikuja kuchukua gauni lake, akasema sasa hawa watu wameanza kusema ukweli, na angesubiri aone kama pensheni nayo imesikia. Inasemekana Mama Nyanya alizima redio, akawatangazia wenzake: "Safari hii si mimi."

Jumamosi moja mke wa Bei Gani alichukua mfuko wa sokoni, akasimama mlangoni.

"Twende."

"Wapi?"

"Sokoni. Si soko lako tena. Unaruhusiwa kununua."

Lilikuwa jambo ambalo hakuwa amelifikiria. Walipofika mlangoni soko lililipuka. Mzee wa mayai alimwita mwanangu mpaka akapaliwa. Mama Nyanya alimshambulia kwa malalamiko kabla hajakaribia. "Umetuletea mtu gani yule, mchumba? Hasalimii! Kanitolea macho, kapima, kaondoka! Nimempa fungu la kawaida kabisa, na bado nilitamani kulipunguza!"

"Vizuri," alisema Bei Gani, na moyo wake ukacheka. Kisha akaitazama meza, akamtazama Mama Nyanya, akasema lile neno lake alilolisema miaka yote bila kukusudia kununua. "Bei gani?"

Majirani walinyamaza kusikiliza. Mama Nyanya aliokota vinyanya vitano vya kubingirika, akaviweka mbele yake, akataja bei kamili, ile ile anayotajiwa kila mtu. Hakupepesa macho.

Bei Gani alijua ndivyo inavyotakiwa. Hata hivyo ilimchoma. Alijiuliza kama yale mafungu ya heshima yalikuwa ya mizani tu, ya kumridhisha mtu wa serikali, na kama leo, akiwa mteja tu na mfuko wake, amekuwa mtu baki. Alitoa pesa mfukoni polepole, akalipa.

Mama Nyanya alizipokea, akazitia kwenye pochi, akaivuta zipu. Kisha akaunyakua mfuko mikononi mwa mke wa Bei Gani, akaufungua, akatupia nyanya moja kubwa. Akatupia ya pili. Akaendelea kutupia, kubwa na nyekundu, akichagua za juu kabisa, mpaka mikanda ya mfuko ikavutika.

"Bei ni bei, mchumba," alisema. "Hiyo nyingine ni nyongeza, na nyongeza haisomwi redioni."

Machozi yalimlenga Bei Gani, na hakuona haya. Lakini mazoea ni kitu kibaya: mkono wake wa kulia ulishaanza kuingia mfukoni kutafuta mizani. Mke wake akamdaka kifundo cha mkono.

"Thubutu!"

Bei Gani aliiacha mizani mfukoni, akaubeba mzigo wa nyanya, na wakaenda kwa muuza mayai.